Kitovu cha Liyongo: Ugumu wa Mwili katika Kuumba Shujaa

Kila anayesimulia habari ya Fumo Liyongo, awe mtunzi wa Lamu au bibi wa Ozi anayewalaza wajukuu zake, hufika mahali ambapo hana budi kukitaja kitovu. Mwili wa shujaa huyu, wasema, haukuingia chuma. Si mkuki, si mshale, si jambia. Palikuwa na pahala pamoja tu pa kumwua, napo ni kitovuni, kwa sindano ya shaba. Habari hiyo imeenea mno hata imekuwa kama ndiyo Liyongo mzima: ukiuliza alikuwa nani, utajibiwa kwanza kwamba alikuwa mtu asiyepenywa na silaha, na mengine yatafuata baadaye, yakifuata.

Lakini ukiufungua utendi wenyewe, ule uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, ukazihesabu mara ambazo ugumu huo ulimwokoa shujaa, ni shida kuipata hata moja. Maadui zake wanamtegea katika kikoa cha makoma. Kila mtu apande mkoma kwa zamu, na zamu ya Liyongo ikifika, wampige mishale akiwa juu. Yeye hapandi. Anauvuta uta wake na kuyaangusha matunda kutoka chini, na kikoa kinakwisha bila ya mtu kuthubutu neno. Kilichomponya hapo ni jicho lake na mkono wake. Kisha anatiwa gerezani Pate na kungojea kuuawa. Anamwimbia mjakazi Saada maneno ambayo walinzi hawayang'amui, Saada anayapeleka kwa mama, na mama anaoka mikate mizuri pamoja na mmoja wa wishwa, na ndani ya ule wa wishwa anaificha tupa. Walinzi wanaila mizuri na kumwachia mfungwa wishwa wake. Usiku wa ngoma, vishindo vya watu vikiwa vimejaa hewani, Liyongo anaikereza minyororo. Hapo aliyemponya ni mama, na Saada, na ushairi.

Tena pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Waliopanga njama ya mkoma walikusudia kumwua kwa mishale. Basi wao hawakujua kwamba mishale haimfai kitu, wangalijua, wasingejisumbua. Ugumu wa mwili wa Liyongo hauingii katika hadithi mpaka hadithi inapokaribia kwisha, pale mfalme anapomtuma mtoto wa Liyongo mwenyewe akamwulize babake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Na unaingia ili uonyeshwe mahali unapokoma. Mtunzi hakumpa shujaa wake ngozi ya chuma ili ashinde vita. Alimpa ili pawe na siri, na siri ipate wa kuitoa.

Hayo si ya pwani ya Waswahili peke yake. Katika Shahnama ya Firdausi, iliyokamilika mwaka 1010, Isfandiyar ana mwili usiopenyeka, ila macho. Rustam anapigana naye siku nzima, anarudi amejaa majeraha, na hana la kufanya mpaka ndege Simurgh amwonyeshe mti wa kuchongea mshale utakaoingia jichoni. Wayunani walimpa Achilles wao kisigino, na Wajerumani wa zamani wakamwachia Siegfried alama ya jani moja baina ya mabega. Watunzi ambao hawakupata kuonana wote walikwenda njia moja: walimfanya shujaa mgumu kupita kiasi, kisha mara wakaanza kutafuta tundu. Mtu asiye na tundu hana hadithi. Ni jiwe, na hakuna aliyewahi kutunga utenzi wa kisa cha jiwe.

Swali la kipimo, yaani ugumu kiasi gani, watunzi hao hawakuliuliza kwa hesabu. Waliokuja kuliuliza kwa hesabu walikuwa watu wa zama zetu, tena mezani, kwa karatasi na dadu. Mwaka 1974 Gary Gygax wa mji wa Lake Geneva, katika jimbo la Wisconsin, Marekani, pamoja na Dave Arneson wa Minnesota, walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Ndani yake kila mchezaji hujiumbia mhusika, na mmoja wao husimamia hadithi na kuwawekea wengine mapango, mazimwi na hazina. Mhusika huyo hupewa sifa sita: nguvu, akili, busara, uimara wa mwili, wepesi na mvuto. Katika kanuni hizo za mwanzo, kwa kila sifa zilirushwa dadu tatu, na namba iliyotoka, baina ya 3 na 18, ndiyo iliyokuwa majaliwa yake. Anayependa mashairi asiudharau mchezo huu. Kazi inayofanywa pale mezani ni ile ile ya manju: kuamua shujaa awe na nini, na akose nini.

Jinsi ugumu ulivyoingia katika mchezo huo ni kisa chenye ladha kwa watu wa baharini. Kanuni za vita vya mezani zilizotangulia, zilizochapishwa mwaka 1971, zilikuwa na ukatili wa vita vya sanamu: pigo likifika, mtu amekufa. Arneson alisimulia baadaye kwamba wachezaji wake hawakuona vibaya kuliua zimwi kwa pigo moja, lakini hawakutaka zimwi liwafanyie vivyo hivyo wahusika wao. Walikwisha kuwapenda. Ndipo akakumbuka kanuni alizozitumia katika michezo ya manowari za chuma za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Manowari haizami kwa risasi ya kwanza. Hupigwa, huvuja, huendelea kujibu, na huzama pale tu itakapokuwa imepokea yote inayoweza kuyapokea. Akachukua hesabu ya jahazi akampa mtu. Kila mhusika akawa na alama za uhai, zinazopungua kwa kila pigo hadi kufika sifuri.

Sifa ya uimara wa mwili iliwekwa kuziongeza alama hizo au kuzipunguza. Katika kanuni za mwaka 1974 aliyepata 15 au zaidi aliongezewa alama moja kwa kila dadu ya uhai. Bahati hiyo ni ya matokeo 20 katika kila 216, yaani mtu mmoja hivi katika kumi na mmoja. Alama moja yaonekana si kitu. Lakini mchawi aliyeanza safari yake alikuwa na dadu moja tu ya uhai, na pigo la silaha lilihesabiwa kwa dadu moja vile vile. Ukiyapanga matokeo yote 36 ya dadu hizo mbili, utakuta pigo la kwanza linamwua katika 21. Mwongeze ile alama moja, nayo yanashuka hadi 15. Kwa maneno mengine, mwanafunzi wa uchawi asiye na nyongeza ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa kuliko kupona kwa pigo moja, na mwenziwe mwenye alama ile ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupona. Kanuni zilizotolewa mwaka 2000 zilikwenda mbali zaidi: kila namba mbili za uimara zilizozidi 10 ziliongeza alama moja kwa kila daraja aliyopanda mhusika, hata tafauti ndogo ya mwanzo ikaja kuwa kubwa mno mwisho wa safari.

Kwa hiyo wachezaji walijifunza upesi kutoiacha sifa hiyo nyuma. Hata hivyo hakuna anayeitanguliza. Mpiganaji hutanguliza nguvu, mwizi wepesi, mchawi akili, na wote hurudi kuufanya uimara kuwa wa pili au wa tatu. Sababu yake iko wazi kwa aliyeusoma utendi wa Liyongo: uimara haufanyi kitu. Kwa nguvu mlango huvunjwa, kwa wepesi ukuta hupandwa, kwa mvuto mlinzi hulainishwa. Kwa uimara mtu hupata zamu moja zaidi. Katika kanuni za mwaka 2014 ujuzi wote uliotajwa, wa kuogelea, kujificha, kuongopa na mengineyo, umegawanywa chini ya sifa tano, na uimara haukupewa hata mmoja. Ugumu, kwa hesabu ya mezani, ni muda. Aliye nao huongezewa nafasi ya kufanya jambo jingine, na akiwa hana jambo jingine la kufanya, huongezewa nafasi ya kupigwa.

Mezani aliyehesabu vibaya hurusha dadu tena akaumba mhusika mwingine. Katika taarikh ya nchi hii ugumu wa mwili uliwahi kuahidiwa kwa watu wa kweli. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji na neno kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Yeye mwenyewe alinyongwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo, na vita vikaendelea hadi 1907, na njaa iliyofuatia uchomaji wa mashamba na maghala iliwaua wengi kuliko bunduki. Haifai kuwacheka waliokwenda mbele ya bunduki za rashasha wakiwa na imani ile. Maji yalifanya kazi ambayo hakuna silaha ingeliweza kuifanya: yaliwaunganisha watu wa lugha nyingi, ambao kabla ya hapo hawakuwa na shauri moja. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliliona hilo. Katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, shujaa anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa neno hilo moja lingeweza kumfaa, kwa kuwa analifikiria litakalosikiwa na wajukuu. Khatari haikuwa katika kuunganika. Ilikuwa katika kuudhani muungano kuwa ni ngozi. Nguvu iliyokuwa baina ya watu ilisadikiwa kuwa imo ndani ya mwili wa kila mmoja, na mwili wa kila mmoja ukapelekwa kwenda kuithibitisha.

Bara, kwenye uwanda wa kati usiofikiwa na vita vile vya maji, ugumu ulipimwa kwa namna nyingine. Busi ni kata ya wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, katika nchi ya Warangi, na si jina ambalo msomaji wa tendi hulikuta. Hata hivyo pwani na nchi hiyo hazikuwa ngeni kwa kila moja. Kondoa ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na Uislamu wa Warangi walio wengi ni alama ya njia hizo za misafara. Kwenye njia hizo ugumu ulikuwa na uzani: mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, begani au kichwani, mwezi baada ya mwezi. Kusini yake, baina ya Mpwapwa na Ugogo, ilikuwako nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, ambayo misafara iliivuka kwa kwenda mchana na usiku. Wasafiri wa Kizungu waliandika kurasa nyingi za kuwastaajabia wapagazi wao. Sifa hizo zisomwe kwa tahadhari. Anayemsifu mwenziwe kwa kustahimili mzigo mara nyingi ndiye aliyemtwika.

Vita vya kwanza vya dunia vilionyesha sifa hiyo ilikuwa inaelekea wapi. Mwezi wa Aprili 1916 jeshi la Jenerali van Deventer, la watu wa Afrika Kusini, liliingia Kondoa likiwa limepanda farasi. Mvua za masika zikaifunga njia nyuma yao. Farasi wakafa kwa maradhi, mamia kwa mamia, na askari wakalala na homa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei Lettow-Vorbeck aliwashambulia na akashindwa kuwatoa. Vitabu vya vita hulisimulia shambulio hilo kwa urefu. Hupita haraka juu ya wanadamu waliokuwa wakileta chakula kwa miguu katika matope ambayo magari na wanyama hawakuyaweza. Katika vita vile wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichowaua zaidi si risasi bali kuhara, vichomi na njaa. Jina la kikosi chao limebaki katika mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, ambako leo watu hununua vitambaa na viungo. Waliandikishwa kwa kuwa walihesabiwa kuwa wagumu, na kwa kuwa walihesabiwa kuwa wagumu, hawakupewa blanketi wala chakula cha kutosha. Hapo ugumu uligeuzwa kuwa hoja dhidi ya mwenye nao.

Baada ya majeshi kupita na kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, mvua nazo zikakosekana, na Ugogo, kusini mwa Kondoa, ukaingia katika njaa iliyoitwa Mtunya, ambayo kumbukumbu yake haikufutika. Waliopona hawakupona kwa kuwa na matumbo ya shaba. Watu wa uwanda ule walikuwa na desturi ambayo mtaalamu Peter Rigby aliieleza katika kitabu chake juu ya Wagogo cha mwaka 1969: mwenye ng'ombe hawaweki wote katika zizi moja. Huwapa marafiki na wakwe, mmoja huku, watatu kule, katika vijiji vilivyo mbali. Mvua ikikosa hapa, huenda imenyesha kule. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile limesalimika. Na aliyepewa ng'ombe ana maziwa, na ana deni la fadhila, na siku ya dhiki mlango wake hautafungwa. Mwaka wa Mtunya ulikuwa mbaya kiasi kwamba hata mtandao huo ulichanika, kwani majeshi yalikuwa yamechukua kule na huku. Lakini ndio uliokuwa ugumu wao, na haukukaa katika mwili wa mtu yeyote.

Nchi yenyewe ilikuja kupimwa vivyo hivyo. Milima ya Irangi ilimomonyoka kiasi cha kuacha makorongo yanayoweza kumeza nyumba. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 serikali ikaamuru ng'ombe waondolewe katika eneo lililoharibika la Kondoa. Kwa familia nyingi zizi likabaki tupu, na mifugo ikalazimika kwenda kukaa kwa watu wa mbali. Majani yakarudi. Kama bei ilikuwa halali, wenyewe walibishana kwa miaka mingi.

Ukirudi kwa Liyongo ukitoka huko, unamwona kwa jicho jingine. Naye ugumu wake wa kweli ulikuwa umewekwa nje: kwa mama aliyejua kuoka mkate wa wishwa, kwa Saada aliyebeba maneno asiyapunguze, kwa watu wa ngoma waliopiga kelele bila ya kujua wanamfichia nani. Siku zote alipokuwa nao hakuhitaji ngozi ya chuma. Na mahali palipoachwa wazi mwilini mwake si kisigino wala jicho. Ni kitovu, mahali ambapo kila mtu alikuwa amefungwa kwa mama kabla ya kuwa mtu peke yake, na ambapo Mswahili hupataja anapotaka kusema kwao ni wapi, alipozikwa kitovu chake. Haijuzu kumtwika Kijumwa fikra zote hizi. Huenda aliipokea sindano kutoka kwa wasimulizi waliomtangulia na akaiweka alipoikuta. Wala si lazima mtunzi ajue kila anachokisema.

Utendi wasema Liyongo alipoulizwa na mwanawe aling'amua kuwa ametumwa, na bado akamjibu. Baba aliyekwepa mishale ya mkoma kwa hila hakutaka kumkwepa mtoto. Alichomwa akiwa usingizini. Akaamka, akachukua uta na mishale, akaenda hadi kisimani nje ya mji, akapiga goti, akatia mshale katika upote, na akafa hivyo hivyo, ameelekeza uso njiani.

Mwili haukuanguka. Watu walimwona kwa mbali na hakuna aliyesogea, kwa kuwa hakuna aliyejua kama yu hai. Njia ya maji ikafungwa. Siku zikapita, mji ukashikwa na kiu, wakamwendea mama wamwombe akamtulize mwanawe, naye akaenda, akamsemesha na kumbembeleza kwa nyimbo, asijibiwe, akadhani ana hasira. Ndipo siku moja ule mwili ulipolala chini, watu wakakaribia, wakaiona sindano, na njia ya kisima ikafunguka.